Mjadala: Obama aliwaengua wapinzani wote mwaka 1996. Ilikuwa haki yake, au mpiga kura aliporwa?

Ndugu zangu, salaam. Juzi kijiweni ulizuka ubishi juu ya wagombea kuenguliwa, na mzee mmoja akasema, "Mbona hata Obama aliingia kwa mlango huo huo?" Vijana wakadhani anazua. Hazui. Naileta hapa tuijadili kwa heshima, na msimamo wangu sitauficha.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1995 Mel Reynolds, mbunge wa Bunge la Marekani kutoka upande wa kusini wa Chicago, alitiwa hatiani mahakamani akajiuzulu. Alice Palmer, seneta katika bunge la jimbo la Illinois, akaamua kukiwania kiti hicho, na kiti chake mwenyewe cha eneo la 13 akakubali kimwendee mwanasheria kijana aitwaye Barack Obama. Septemba Obama akatangaza nia. Novemba 28 Palmer akaangushwa kwenye mchujo, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama, akawa wa 3 nyuma ya Jesse Jackson Jr. na Emil Jones. Ndipo akataka kurudi alikotoka. Watu wake wakamwomba kijana ampishe mama. Kijana akakataa.

Mpaka hapo sina ugomvi naye. Palmer alishaaga, na aliyeaga akaruhusiwa hawezi kumlaumu aliyekaa kwenye kiti. Ugomvi wangu ni wa Januari 1996.

Ili jina liingie kwenye mchujo wa chama cha Democratic zilihitajika saini 757 za wapiga kura walioandikishwa katika eneo hilo, mfano wa wadhamini wetu. Palmer alizikusanya mbio mbio, zikafika zaidi ya 1,500. Watu wa Obama wakaenda ofisi ya uchaguzi ya Chicago, wakakaa na fomu za wapinzani, wakazipitia saini moja baada ya nyingine. Huyu hayumo daftarini. Huyu anaishi nje ya eneo. Huyu ameandika jina kwa herufi za kuchapa, hakutia saini. Palmer akajitoa. Marc Ewell akapungukiwa saini 86. Ulmer Lynch naye akaondolewa. Gha-is Askia alikuwa amepeleka saini 1,899, zikakatwa 1,211, zikabaki 688. Pungufu 69.

Wanne wote chali. Machi Obama akasimama kwenye mchujo peke yake, na katika eneo lile ukishapita mchujo wa Democratic umeshapita uchaguzi.

Msimamo wangu: sheria ilimruhusu, lakini hakutenda haki. Siwazungumzii wagombea. Nawazungumzia wale watu 688 wa Askia, ambao ukaguzi wenyewe ulikubali kwamba ni wapiga kura halali wa eneo hilo, wametia saini kwa mikono yao kwamba wanataka jina hilo liwepo. Siku ya kura wakakuta jina moja tu.

Linaniuma kwa sababu nimeliona kwa karibu. Jirani yangu, mama mwenye genge la chakula, aliwahi kuchukua fomu ya kugombea uenyekiti wa mtaa. Nilimsaidia kuijaza mezani kwake usiku, kwa taa ya simu, tukiisoma mara tatu. Kwenye kazi tukaandika "mama lishe". Ikarudi na mstari mwekundu: kazi haieleweki. Mtaa mzima unakula kwake, lakini kazi yake haieleweki! Mgombea wa upande wa pili akapita bila kupingwa.

Karibuni.

Mchangiaji kutoka Kisumu

Ndugu, pole kwa jirani yako, lakini umechanganya mambo mawili. Obama hakuibia mtu. Yeye alipeleka saini zaidi ya 3,000 mahali palipotakiwa 757. Masharti yalikuwa yale yale kwa wote, na yalijulikana mapema. Alipoulizwa mwaka 2007, jibu lake lilikuwa kwamba walifuata tu kanuni zilizowekwa. Ana kosa gani?

Hapa kwetu Katiba inamtaka mgombea urais alete wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila kaunti, katika kaunti 24 au zaidi. Usipokagua, mtu atajifungia chumbani na vijana watano na kalamu tofauti tofauti, kesho ana saini zote. Mwaka 2021 Wakenya wengi walijiangalia kwenye mfumo wa msajili wa vyama wakakuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia. Jina langu ni langu. Anayeliandika bila idhini yangu na aenguliwe, hata kama ni mama yangu mzazi.

Mchangiaji aliyeko Chicago

Nawasalimu kutoka huku kwenye baridi. Nimewahi kuzunguka na fomu hizi, acheni niwaeleze. Ni Novemba au Desemba, unabisha hodi mlango baada ya mlango, wino wa kalamu unagoma kwa baridi, mtu anafungua mlango nusu, anatia saini haraka akiwa na kandambili miguuni. Saa ngapi utamwambia, "Samahani, hii ni kama umechapa, rudia"? Ndiyo maana wazoefu huku hukusanya mara mbili au tatu ya idadi inayotakiwa. Wanajua nyingi zitakatwa.

Tofauti na nyumbani ni hii: huku anayepinga ni mgombea mwenzako au mpiga kura, pingamizi linasikilizwa hadharani, kila upande una mtu wake mezani, na ukishindwa unakwenda mahakamani. Fomu ya yule mama ilikatwa na ofisa mwenyewe, na rufaa inarudi kwa wenzake ofisa. Mwaka 2019, fomu nyingi za wapinzani zilipokatwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama kadhaa vya upinzani Tanzania vilijitoa. Huwezi kuyaweka haya mawili kwenye mizani moja.

Lakini ndugu wa Kisumu, usisherehekee bado. Daftari lililotumika kukagua saini hizo za 1996 lilikuwa limetoka kusafishwa, majina 15,871 yakafutwa. Ewell alikwenda mahakama ya shirikisho kulalamika kuhusu hilo, kwa sababu mtu angeweza kutia saini akijua ameandikishwa kumbe jina lake limeshaondolewa. Kosa hilo si la aliyetia saini, wala si la aliyebeba fomu.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Mimi nina swali moja. Mwaka 2000 Obama alimvaa Bobby Rush, mbunge aliyekuwa kwenye kiti, kuwania Bunge la Marekani, watu wale wale wa kusini mwa Chicago wakapewa nafasi ya kuchagua, akapigwa mbili kwa moja. Je, 1996 wangemchagua kweli?

Mwanzisha mada

Nashukuru nyote. Wa Chicago umenisogeza, nakiri. Mezani palipokaa watu wa pande zote, na penye mahakama, si sawa na peni nyekundu ya ofisa mmoja, na mfano wa jirani yangu niliuleta kwa uchungu zaidi kuliko kwa kupima.

Ila la msingi sijaliachia. Wa Mwanza, mimi naamini 1996 angeshinda hata akipingwa, na ndiyo sababu najuta kwa niaba yake. Machi 2004, kwenye mchujo wa Seneti ya Marekani, alisimama na wenzake 6 akapata zaidi ya nusu ya kura. Kazi yake katika bunge la Illinois pia ilikuwa ya kuheshimiwa: mwaka 2003 alisimamia sheria ya kurekodi kwa video mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji, na seneti nzima ikaipitisha bila hata mmoja kupinga, ingawa mwanzoni polisi na waendesha mashtaka hawakuitaka. Mtu mwenye uwezo wa kuwashawishi hao wote alikuwa na haja gani ya kuhesabu mapungufu ya Askia?

Wa Kisumu, saini ya kughushi ikatwe, nakubaliana nawe. Sasa nijibu hili. Aliyetia saini kweli, ni mkazi kweli, ila kaandika kwa herufi za kuchapa: angepewa siku 3 aje mbele ya ofisa arudie saini yake, na Askia akazipata zile 69, ungepinga?