Room, The Bluest Eye au Kevin? Riwaya nzito za watoto walio hatarini: tuanze na ipi?

kurasa_mia:
Habari wadau. Kikundi chetu cha kusoma kinataka riwaya nzito, yenye mtoto aliye hatarini na familia iliyovurugika. Tumebakiwa na tatu: Room ya Emma Donoghue (2010), The Bluest Eye ya Toni Morrison (1970) na We Need to Talk About Kevin ya Lionel Shriver (2003). Mbili za kwanza nimezisoma, kwa hiyo zijadilini mpendavyo. Ya Kevin naomba mwisho wake msiutoboe.

Wenzetu kadhaa wana watoto wadogo, na wapo ninaojua walikulia kwenye nyumba za vipigo. Sitaki mtu aumie bure, wala sitaki tusome kitu kilicholainishwa. Kila moja inauma vipi?

mama_wawili:
Room, bila kusita. Jack ana miaka mitano na hajui kwamba amefungwa, maana kile chumba ndicho dunia yake yote. Vitu vya humo anavitaja kama ndugu zake: Kabati, Zulia, Mmea. Mwanamume aliyewafungia akiingia usiku, Jack yuko kabatini anahesabu milio ya kitanda. Mwandishi haongezi neno. Mtoto anahesabu, wewe unaelewa, na hakuna la kufanya ila kuendelea kusoma.

Lakini kilichonishika zaidi ni mama yake. Amefungiwa humo miaka saba, na bado ana ratiba ya mazoezi ya viungo, ana mpaka wa muda wa televisheni, na wametunga nyoka wa maganda ya mayai anayeishi chini ya kitanda. Mzazi yeyote atamtambua yule mama. Ni kitabu cha giza ambacho ndani yake kuna mtu mzima anayemlinda mtoto kila saa, na ndiyo maana kinasomeka.

jicho_kavu:
Dada mama_wawili, nakubaliana nawe kuhusu yule mama, ila naona Room inavumilika kwa sababu nyingine pia: mwovu ametoka nje. Ni mtekaji. Ukimchukia, unamchukia moja kwa moja, hakuna kinachokuzuia.

The Bluest Eye haikupi nafasi hiyo. Anayemharibu Pecola, binti mdogo wa hadithi hii, ni Cholly, baba yake mzazi. Halafu Morrison anarudi nyuma na kukuonyesha Cholly akiwa na siku nne tu, ametupwa na mama yake jalalani, kisha ujana wake na namna alivyodhalilishwa na wanaume wenye silaha na tochi. Hamsamehei hata kidogo, lakini anakukatalia kumwona kama jini. Nawajua watu waliokitupa kitabu hapo, wakisema hawataki kumwelewa mtu wa aina hiyo. Hasira yao naiheshimu. Hata hivyo, mimi nadhani kitabu kinachokuonyesha ubaya unavyotengenezwa nyumbani, polepole, kina kazi kubwa kuliko kile kinachokupa mnyama wa kuogopa.

msomaji_taratibu:
Naongezea kwa ndugu jicho_kavu. Tangu kurasa za mwanzo unaambiwa kwamba Pecola amebeba mimba ya baba yake. Hakuna kificho, hakuna mtego wa kukufanya ufungue ukurasa ili ujue kilichotokea. Kinachobaki ni kutazama jinsi watu wote wazima walivyomwangusha mtoto wa miaka kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine.

Na kwangu tukio zito kuliko yote si lile la baba. Ni jikoni kwa Wazungu, anakofanya kazi mama yake. Pecola anaangusha pai iliyotoka kwenye jiko, matunda ya moto yanamrukia miguuni. Mama anampiga, anamfukuza, kisha anageuka kumbembeleza binti wa mwenye nyumba anayelia kwa sababu gauni lake la waridi limechafuka. Yule binti anamwita mama huyo Polly. Pecola, mwanawe wa kumzaa, humwita Bibi Breedlove, kwa jina la ukoo. Nilisoma ukurasa huo, nikarudia, nikarudia tena. Mtoto ameungua na hakuna hata mmoja anayeitazama miguu yake.

baba_k:
Mmemsahau Kevin. Hizo nyingine mbili zinakuweka upande wa mtoto. Hii inakuweka upande wa mzazi: Eva anamwandikia mumewe barua baada ya mtoto wao kuua watu shuleni. Kila anachokueleza kuhusu utoto wa Kevin kinapita mikononi mwake, na ana sababu ya kujitetea. Nusu ya wasomaji watasema mtoto alizaliwa hivyo, nusu watasema alihisi kwamba mama hakumtaka. Mkitaka mjadala hadi usiku, hicho hapo. Kilipata tuzo ya Orange, ile ya riwaya za waandishi wanawake, mwaka 2005 na bado watu hawajapatana.

Tahadhari moja: mwenye mimba au mwenye kichanga asilazimishwe. Eva anaeleza kutompenda mtoto wake kwa undani unaoweza kumkaa mtu kifuani.

ukimya_wa_nyumba:
Mimi ni mmoja wa watu wa aina uliyowataja, kurasa_mia. Nilikulia kwenye nyumba ya vipigo. Naomba msituchagulie kwa kutuonea huruma. Mwambieni kila mtu mapema kilichomo: kipigo, ubakaji, mtoto kujeruhiwa. Halafu mwacheni aamue mwenyewe, na asiulizwe sababu akisema hapana.

Kwa upande wangu Room ilikuwa nyepesi, maana maisha yale hayakuwa yangu. Kilichonigusa ni kimoja ambacho hakimo kwenye orodha yenu, Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie (2003). Baba wa Kambili ni mtu wa watu. Anatoa sadaka, anasaidia wasiojiweza, anamiliki gazeti linalothubutu kusema kweli. Nyumbani anammwagia binti yake maji ya moto miguuni, na huku anamwaga, analia. Na Kambili bado anampenda, anatamani amsifu. Watu waliolelewa kwa amani hukwama hapo, wanauliza kwa nini hamchukii. Mimi sikukwama. Kwa mara ya kwanza niliona mtu ameandika kwamba unaweza kumwogopa mzazi na kumsubiri akusifu, vyote siku moja.

jicho_kavu:
Asante kwa hili. Nakiongeza kwenye vyangu vya kusoma.

msomaji_taratibu:
Na kwa Kiswahili tusisahau Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Zakaria na ukali wake kwa binti zake vinatosha kujaza vikao viwili. Kiliwahi kuzuiwa shuleni, wakati kilichokuwamo ndicho wasichana wengi walikuwa wakikipitia.

kurasa_mia:
Nimesoma yote. Nitapeleka Purple Hibiscus kwenye kikundi, pamoja na maelezo ya kilichomo kama dada/kaka ukimya_wa_nyumba alivyosema. The Bluest Eye itafuata. Kevin itasubiri, mwenzetu mmoja ana mimba. Ila kuna wanaong'ang'ania Room. Tukiigawa vikao viwili, tuikate wapi?

mama_wawili:
Msikate pale Jack amevingirishwa ndani ya zulia akijifanya maiti, maana hakuna atakayelala wiki hiyo. Endeleeni hadi polisi wanapompata mama yake. Na msiache nusu ya pili mkidhani hadithi imekwisha. Huko ndiko babu anashindwa hata kumtazama mjukuu wake usoni, na mama anavunjika akiwa tayari huru. Kipeni kikao chake kamili.