Walimu wa Kiingereza, acheni kuwakata watoto alama kwa usemi ulio sahihi!

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Mwanangu aliye kidato cha pili hapa Jinja, Uganda, aliandika katika insha yake ya Kiingereza: "The noise made me lose my train of thought," yaani kelele zilimpotezea mfululizo wa mawazo. Mwalimu akalikata neno "train" kwa kalamu nyekundu, akaandika "trend" juu yake, akampunguzia alama, kisha akaongeza pembeni kwamba fikra hazipandi gari moshi. Mistari michache chini yake mtoto ameandika "I began to loose focus", na hapo penye kosa lenyewe pamewekwa alama ya vema!

Gari moshi linahusu nini hapa? Thomas Hobbes wa Uingereza aliandika juu ya "train of thoughts" katika Leviathan mwaka 1651, ilhali reli ya Stockton hadi Darlington ilifunguliwa mwaka 1825. Neno hilo tangu zamani lilihusu kitu kinachoburutwa nyuma, au mambo yanayofuatana kwa mfululizo, na ndiyo maana hata mkia wa gauni la bibi harusi unaofagia sakafu ya kanisa huitwa hivyo hivyo. Reli ilipokuja ikalikuta neno lipo, ikalichukua kwa sababu mabehewa nayo hufuatana. "Trend" ni mwelekeo wa mambo kwa kipindi fulani, kama vile bei za sokoni kupanda au kushuka, na mtu aliyekatizwa na kelele hapotezi kitu cha namna hiyo.

Kosa lililopewa vema ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa limeenea hadi kwenye barua za maofisini. "Lose" ni kupoteza, lina o moja na husomwa kwa sauti ya z. "Loose" lina o mbili, husomwa kwa s, na maana yake ni kulegea. Vilevile "lose sight" (kuacha kukiona kitu) na "lose track" (kushindwa kukifuatilia) hudai "of" kabla ya kile kilichopotea, lakini kila siku tunasoma "we have lost sight our goals" na hakuna anayeshtuka.

Wapo watakaoniuliza Mswahili ana lipi na Kiingereza. Katiba yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini mtoto huyu bado atafanya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, wa historia na wa fizikia kwa Kiingereza.

Nilipeleka kamusi shuleni, nikajibiwa kwamba hapo ndivyo wanavyofundisha. Nadai alama irudishwe, na mwalimu alisahihishe jambo hili mbele ya darasa zima, maana wenzake wamekwisha kulinakili neno "trend" kwenye madaftari yao.