Acheni kusingizia mtandao: meza zetu za D&D zinakufa kwa uzembe

Wakuu, uzi huu ni wa hasira. Asiyetaka apite.

Kila meza ya Dungeons & Dragons (mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu) inayochezwa kwa mbali, mmoja yuko Dar, mwingine Nairobi, wawili Toronto, haipiti nusu saa bila mtu kusema "samahani, mtandao". Mtandao gani? Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sawa, mtandao ulikuwa na kesi ya kujibu. Siku nyingine nyingi unasingiziwa tu.

Mkosaji wa kwanza ni mwendesha mchezo mwenyewe, na ramani zake. Anachukua ramani ya miraba 40 kwa 40, pikseli 140 kila mraba, anaipakia kwenye Foundry, programu ya meza ya mtandaoni inayokaa kwenye laptopu yake, kama PNG (faili la picha) ya megabaiti 40. Laini yake inapandisha megabiti 5 kwa sekunde. Wachezaji wanne wakiivuta kwa pamoja kutoka kwenye laptopu yake ni megabaiti 160, yaani zaidi ya dakika nne za watu kutazama skrini nyeusi. Na dakika hizo zote sauti yake inapita kwenye njia ileile ya kupandisha, imekaa foleni nyuma ya ramani, inakatikakatika. Halafu yeye ndiye anayelalamika! Geuza picha iwe WebP, aina ya faili la picha linalobanwa zaidi, ubora 80, uone inavyopungua. Ila kupunguza faili pekee hakumwokoi mwenye mashine dhaifu, kwa sababu picha ikishafunguka kila pikseli inakula baiti nne za kumbukumbu hata faili liwe dogo vipi: 5,600 kwa 5,600 ni kama megabaiti 125. Shusha mraba hadi pikseli 70, inabaki robo yake. Na fungua ramani inayofuata siku moja kabla, kila mtu aingie aione, kivinjari chake kiihifadhi.

Sauti sasa. Chaneli ya Discord, programu tunayoongelea, kwa kiwango chake cha kawaida ni kilobiti 64 kwa sekunde. Gawa kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600: haifiki megabaiti 30 kwa saa kwa kila anayeongea. Hakuna bando linaloshindwa na hilo. Kinachomaliza bando ni kamera: megabiti 1.5 kwa sekunde ni karibu megabaiti 675 kwa saa, na wenzako wanne wakiwasha umekula gigabaiti 2.7 ili uone feni ya dari na kidevu cha mtu. Zimeni.

Na nyie wa hedifoni za Bluetooth! Nyingi ya hizo, maiki yake ikiamka tu, kifaa kinahama kutoka hali ya muziki kwenda hali ya simu, na ubora unaporomoka kote kote: unasikia vibaya, na unasikika kama uko ndani ya mtungi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, acha hedifoni ziwe za kusikilizia tu, maiki chagua ya laptopu. Anayetumia spika wazi sina la kumwambia, meza nzima inajisikia mara mbili kwa ajili yake. Kichuja kelele nacho kinadhani dadu zinazogonga meza ni kelele, kinazifuta, kisha mnabishana kama zilirushwa. Andika /r 1d20+5 kwenye gumzo la Foundry, yaani programu irushe dadu moja ya pande 20 na kuongeza 5, yaishe.

"Nimefungua poti 30000, mlango wa Foundry kwenye ruta, lakini hawaingii." Angalia anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta, ilinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha IP zinakupa. Zikitofautiana, mara nyingi ile ya ruta ikianzia 100.64 hadi 100.127, wewe na wateja wengine kibao mmefichwa nyuma ya anwani moja ya kampuni. Fungua poti mpaka kesho, hakuna atakayeingia. Tumia Tailscale (programu ya kuunganisha mashine zenu kwenye mtandao binafsi) kwa kila mshiriki, au handaki la Cloudflare, linalopitisha wachezaji kwenye seva zao hadi kwako. Hilo la pili linakupa na https (muunganisho uliosimbwa), na bila https kivinjari hakiruhusu maiki wala kamera.

Saa nayo ni balaa. "Tuanze saa mbili" kwa wa Dar ni 20:00, wa Toronto anasoma 2:00. Andikeni 20:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), na kumbukeni Toronto hubadili saa Machi na Novemba, tofauti inacheza kati ya saa 7 na 8. Sisi hatubadili.

Bado unabisha kwamba ni mtandao? Piga ping 100 (vijumbe vidogo vya kupima njia) kwenda kwenye ruta yako, mara nyingi ni 192.168.1.1, halafu 100 kwenda 8.8.8.8, seva ya Google. Zikipotea kuanzia zile za ruta, tatizo ni Wi-Fi yako na ukuta wa chumbani, nenda kanunue waya. Weka picha ya majibu yote mawili hapa chini ndipo tuongee.