Aliyeacha unga (heroini), arosto (mateso ya mwili kukosa unga) imeisha, mbona bado hana hamu ya kitu chochote?

Mhudumu wa Pasua
Habari za jioni wakuu. Jumamosi tuna kikao cha wazazi hapa Pasua, Moshi. Swali linalorudi kila mara: kijana hajagusa kete ya unga kwa wiki ya tatu sasa, arosto imekwisha, ila anashinda amekaa tu. Chakula hakimvutii, mpira haangalii. Wazazi wanasema ni uvivu, wengine wanasema karogwa. Nielezeni kinachotokea ubongoni kwa lugha ambayo mama muuza ndizi wa soko la Mbuyuni ataielewa.

Mfamasia Majengo
Tumia mfano wa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia shamba, mkuu, hapo hakuna atakayepotea. Katikati ya ubongo, chini kabisa, kuna seli zinazomwaga kemikali iitwayo dopamini kuelekea sehemu inayoshughulika na hamu. Dopamini ndiyo maji, na sehemu hiyo ndiyo shamba. Jirani yake kuna seli nyingine zinazotoa kemikali iitwayo gaba. Kazi yao ni kubana. Hao ndio walinzi wa lango.

Wengi hudhani heroini inazichochea seli za dopamini zenyewe. Sivyo. Ikifika ubongoni hugeuka mofini, inashika vipokezi vya walinzi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) na kuwalaza. Lango linabaki wazi, maji yanafurika shambani bila zamu.

Akirudia kila siku, walinzi wanajizoeza kufanya kazi wakiwa wamelemewa, wanajijengea nguvu kutoka ndani. Kiasi kilekile hakiwalazi tena, ndipo kete moja inakuwa mbili, kisha nne. Huku shambani nako, vipokezi vya dopamini aina ya D2 vinapungua: udongo unakuwa mgumu, maji yanapita juu tu. Kwa panya waliopewa mofini mfululizo, hata seli zenyewe za dopamini zilionekana kunywea.

Sasa unga ukatike. Walinzi wana nguvu mpya na hakuna wa kuwalaza, kwa hiyo wanabana lango kuliko walivyokuwa kabla ya kete ya kwanza. Maji yanashuka chini ya kiwango cha mtu ambaye hajawahi kuonja. Kitu kilichomfurahisha zamani kinaleta kitone tu cha maji. Huo si uvivu, na wazazi waambiwe hivyo waziwazi.

Nesi wa Methadoni
Umeeleza vizuri, kaka. Ila wazazi watenganishe arosto na huo ukame wa dopamini shambani. Arosto inatoka hasa kwenye seli za noradrenalini (kemikali inayoushtua mwili) za shina la ubongo, zilizokuwa zimelazwa na sasa zimewaka zote. Inaanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho: miayo, makamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha. Kilele ni siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki moja hivi imepoa. Ukame ni wa miezi. Mzazi asiyejua hilo humpa kijana hela siku ya nane amtume mjini.

Na usiwaambie dopamini ni raha. Ni muhuri unaosema "hiki kikumbuke, kirudie". Ndiyo maana kipande cha jaribosi, karatasi ya kuvutia unga, chenye doa jeusi la kuungua, kikionekana chini ya godoro, kinamtetemesha mikono mtu aliyeacha mwaka mzima. Wakague chumba. Wabadilishe na njia inayopita kijiweni.

Mhudumu wa Pasua
Asanteni sana. Wapo wanaosema methadoni, dawa wanayopewa walioacha unga, ni unga kwa jina lingine. Na kuna mmoja ameanza dawa za TB.

Mfamasia Majengo
Tofauti ni mwendo. Moshi wa unga unafika ubongoni kwa sekunde na kuisha kwa saa chache, lango linapigwa wazi na kubanwa mara kadhaa kwa siku. Methadoni ya kunywa inapanda taratibu, kilele ni saa 2 hadi 4 baada ya kunywa, na dozi moja inamtosha siku nzima. Siku ya kwanza huwa mg 20 hadi 30, wengi hutulia kati ya 60 na 120. Dawa hujilimbikiza mwilini, kwa hiyo kupandisha haraka kunaua.

Huyo wa TB aripoti kituoni leo. Rifampisini, moja ya dawa za TB, inalifanya ini livunje methadoni upesi. Ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi ingawa anakunywa dozi yake, halafu anatuhumiwa kutumia kete kwa siri. Ataongezewa dozi ya methadoni. Akimaliza rifampisini ipunguzwe tena kwa uangalizi, la sivyo itamzidi.

Nesi wa Methadoni
Hili lisikose kikaoni: baada ya wiki tatu mwili umesahau mazoea. Akirudi kwenye kiasi chake cha zamani, pumzi inasimama. Mboni ndogo kama ncha ya sindano, mkoromo mzito, midomo ya kijivu. Kama hapumui, mpulizieni pumzi moja kila sekunde 5; akianza kupumua mwenyewe mlazeni ubavu. Naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, mg 0.4 kwenye msuli, irudiwe baada ya dakika 2 au 3 asipoamka. Nguvu yake inaweza kuisha ndani ya nusu saa na unga bado umo, kwa hiyo apelekwe hospitali hata kama ameamka na anagoma. Maziwa wasimnyweshe, yataingia mapafuni.