Naomba ushauri: nataka kuhamia Kilwa Kisiwani na cherehani yangu

Habari zenu wanajamvi, wakubwa shikamooni. Mimi ni fundi cherehani hapa Kilwa Masoko. Kisiwani nilikuwa navuka kupeleka sare za shule tu, sasa moyo umenasa huko. Hakuna honi wala vumbi la malori. Jioni wavuvi wakirudi, hupiti bila kuulizwa habari za nyumbani, na pweza unaongezewa mpaka unaona haya. Hata ukiwa na haraka, hupati wa kuharakishana naye.

Chumba nimepata. Manahodha nimewauliza kuhusu msimu wa upepo wa kusi, kila mmoja ana lake. Mume wangu yeye anasema nitayashonea yale magofu ya mji wa kale yaliyoko huko.

Waliowahi kuishi kule: upepo wa kusi ukichachamaa, mnavuka kila siku au kuna siku mzigo unalala? Na kwa kuwa magofu yale ni Urithi wa Dunia tangu 1981, nikitaka kusimamisha kibanda cha mabati cha kushonea, kibali naanzia serikali ya kijiji au kwa wasimamizi wa magofu?

Naomba mnijibu kabla sijalipa kodi.