Mjadala: Binadamu kwenye michezo ya anga za mbali, tumtoe mezani au tumpe mwili wake?

Wakuu, naleta suala hili kwa sababu limeigawa meza yetu kwa wiki kadhaa sasa na sitaki liishie kwetu. Tuko watano, tunakutana Jumamosi jioni kucheza mchezo wa kuigiza wahusika. Mmoja anaongoza kisa, wengine kila mtu ana mhusika wake, na panapokuwa na shaka dadu zinaamua. Kisa kipya kinahusu chombo cha mizigo kinachosafiri kati ya nyota, na kazi ya kuandaa spishi za kuchezwa niliachiwa mimi. Niliandika sita, na ya kwanza nikaweka binadamu bila hata kufikiri.

Mdogo wangu aliisoma karatasi akairudisha mezani. “Kaka, wiki nzima mimi ni binadamu. Kazini binadamu, kwenye daladala binadamu. Jumamosi nayo?” Anataka afutwe kabisa. Rafiki yetu mmoja, ambaye amecheza miaka mingi kuliko sisi sote, akasema binadamu lazima abaki, tena abaki kama alivyozoeleka: sifuri, asiye na nyongeza wala pungufu, ili wengine wote wapimwe kwake. Mimi nimefika mahali ambapo hakuna kati yao aliyeridhika. Nasema abaki, lakini aache kuwa sifuri.

Huyo sifuri ana historia. Dungeons & Dragons ya mwaka 1974 haikuwa ya anga, lakini michezo hii yote imetoka humo. Mle ndani dwarfu, yule mbilikimo wa hadithi, akiwa mpiganaji hakuruhusiwa kupita ngazi ya 6. Wasio binadamu walipewa vipaji vyao, kisha wakawekewa dari. Binadamu hakupewa kipaji chochote ila hakuwa na dari. Toleo la tatu la mwaka 2000 liliondoa dari hizo, na ili binadamu asibaki mikono mitupu akapewa kipaji kimoja cha ziada na alama za ziada za ujuzi. Kwa njia zote mbili mazoea ni yaleyale: binadamu ni yule anayeweza chochote.

Michezo ya anga ilibeba mazoea hayohayo. Star Frontiers ya mwaka 1982 ilikuwa na spishi nne za kuchezwa. Vrusk wana miguu minane, yazirian wanaelea angani kwa ngozi iliyotanda kati ya mikono na miguu, dralasite hubadili umbo la mwili wapendavyo. Binadamu? Ongeza alama 5 kwenye uwezo wowote uupendao. Miaka 35 baadaye Starfinder ikaja na vesk wenye nguvu za mwili na kasatha wenye mikono minne, na binadamu akapewa alama 2 aziweke popote atakapo, pamoja na kipaji cha ziada. Yaani wenzake wana miili, yeye ana nafasi tupu ya kujaza.

Rafiki yangu anaona hiyo nafasi tupu ndiyo faida. Mchezaji mgeni anakaa, anachukua binadamu, hana cha kukariri, jioni inaanza. Hapo nakubaliana naye, maana nimeshaona mgeni akizama kwenye kurasa tatu za kanuni za spishi yake mpaka hamu ikamwisha. Lakini naomba atazame gharama yake na ni nani anayeilipa. Ukimfanya mmoja awe wa kila kitu, wengine wote umewafanya wawe wa kitu kimoja kimoja. Vesk anakuwa wa vita, mwingine wa akili, mwingine wa hila. Ni binadamu pekee anayeruhusiwa kuwa na washairi, walevi, wakulima na wapelelezi kwa pamoja. Mdogo wangu anaposema amechoka na binadamu, nadhani amechoshwa zaidi na upendeleo huu kuliko na ngozi yake mwenyewe.

Mchezo mmoja umelishughulikia hili vizuri kuliko mingine niliyoicheza, nao ni Traveller, ulioanza mwaka 1977. Kwenye kanuni zake binadamu ni sifuri kama kwingine, lakini kwenye simulizi si sifuri hata kidogo. Spishi ya kale iliwachukua watu kutoka Dunia yetu yapata miaka 300,000 iliyopita na kuwatawanya kwenye sayari za mbali, kwa hiyo unakuta binadamu wa matawi matatu makubwa. Wasolomani ni wa Dunia. Wazhodani wanaongozwa na wakuu wanaosoma mawazo ya watu. Wavilani ndio ninaowapenda. Mababu zao walitupwa kwenye sayari ambayo mimea na wanyama wake havikulika kwa tumbo la binadamu mpaka viandaliwe kwa ustadi mkubwa, basi waandaaji wa chakula wakapata hadhi ya juu na jamii ikajifunza kushika taratibu za wazee bila kuzigusa.

Aliyekulia kwenye muhogo mchungu anaelewa hili mara moja. Usipomenya, ukaloweka, ukaanika na kutwanga kwa utaratibu uliorithishwa, chakula kilekile kinachokushibisha kinaweza kukuua. Mjukuu hajui kemia yake, anajua bibi alisema siku ngapi kwenye maji. Utamaduni mzima umeota kutoka kwenye tumbo. Ndiyo maana nasema binadamu akipewa mwili anakuwa wa kuvutia zaidi, wala haihitajiki kumbunia nguvu za ajabu.

Na mwili tunao. Sisi wa ukanda huu hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta: nyayo za Laetoli, Tanzania, zilizogunduliwa mwaka 1978, zina zaidi ya miaka milioni 3.6, na zinaonyesha viumbe waliokwishatembea kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji wa visukuku kutoka Kenya, aliona kipande cha fuvu upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, na kazi ya kuchimba ikatoa mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, miguu mirefu, mwili ulionyooka. Mwaka 2004 wanasayansi Dennis Bramble na Daniel Lieberman walitoa hoja kwamba mwili wa namna hiyo uliumbika kwa ajili ya kukimbia masafa marefu. Wapo wanaopinga kwamba mbio ndizo zilizouunda, lakini uwezo wenyewe haupingiki. Tuna tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Wanyama wengi huhema ili wapoe, na kuhema huku unakimbia ni kazi ngumu. Sisi tunapoa kwa ngozi nzima huku miguu inaendelea. Mwaka 2019 kule Vienna Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushee kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kama rekodi rasmi kwa jinsi ilivyoandaliwa, lakini miguu ilikuwa ya binadamu.

Sasa mweke kiumbe huyo mbele ya vesk. Vesk atamtupa chini kwa pigo moja. Lakini akishindwa kumkamata dakika ya kwanza, na jua liko juu, na njia ni ndefu, huyu mdogo asiye na meno ya maana hataacha kumfuata. Fikirini jinsi spishi nyingine zingesimuliana habari zetu. Mdogo wangu aliposikia hilo alinyamaza kidogo, na huyo si mtu wa kunyamaza.

Halafu sifa inayonigusa kuliko zote: tunafunga mikataba na viumbe tusioelewana nao kwa maneno. Mbwa kila mtu anamjua. Mfikirieni mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki wa porini. Hakufugwa, hakufungwa kamba. Wahadza karibu na Ziwa Eyasi wanamwita kwa miluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, wana mlio wao wanaorithishana baba kwa mwana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima mlio wa Wayao kwa kuulinganisha na sauti nyingine, ukakuta uwezekano wa kuongozwa hadi kwenye nyuki unapanda kutoka takriban asilimia 17 hadi 54. Wakuu, hiyo ni nyongeza ya dadu kabisa, imeshapimwa porini! Kwenye kisa cha chombo kinachotua kila wiki kwenye sayari yenye viumbe wapya, mnataka kipaji gani kingine?

Kuna jambo lilitokea mezani likanisogeza zaidi upande huu. Vitabu ni vya Kiingereza, tunacheza kwa Kiswahili, kwa hiyo kila spishi inabidi ipite kwenye ulimi wetu kwanza. Mwongozaji alisema, “Androidi imeingia chumbani.” Mwenzetu anayemchezesha huyo androidi, mashine yenye umbo la mtu, akamkatiza: “Ameingia.” Tulikwama hapo robo saa nzima. Nyuki anauma, mbwa anabweka, hao hawana ubishi, wana uhai. Mashine je? Androidi wa Starfinder wana roho, na waliwahi kuwa watumwa kabla ya kupata uhuru wao, kwa hiyo kumwita “i-” mbele ya mchezaji wake kulikuwa na uzito. Tukakubaliana “a-”, kwa wote, na asiyetaka aeleze sababu.

Baada ya hapo ndipo nilipoliona neno binadamu upya. Ni bin Adamu, neno la ukoo. Linasema umetoka kwa nani. Mtu ni neno jingine, na utu ni jingine tena, na sisi tumekuwa tukisema kila siku kwamba fulani ni binadamu lakini hana utu. Vrusk anayelipa deni lake na kumlilia rafiki yake si binadamu, lakini mezani kwetu nani atasema si mtu? Basi kama watu ni sisi wote tulioko kwenye kile chombo, binadamu hahitaji tena kuwa kipimo cha mtu. Anaweza kuwa ukoo mmoja kati ya koo, wenye mwili wake, chakula chake na aibu zake.

Hoja iliyonibana ilitoka kwa dada mmoja wa meza yetu, na nimeifikiria sana. Alisema: miaka yote michezo hii imekuwa ikigawa watu kwa damu na kuwaandikia namba, aina hii wana nguvu, aina ile hawana akili. Toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2024 limeacha kutumia neno lenye maana ya mbari, likachukua spishi, na nyongeza za uwezo zikahamishiwa kwenye malezi na kazi ya mhusika. Leo wewe unataka kurudisha namba za mwili, tena kwa binadamu? Mtu akija na Kipchoge, kesho atadai mhusika wa kabila fulani apate nyongeza ya mbio.

Hofu yake ni ya haki, na jibu langu ni kwamba mstari lazima uchorwe palepale. Jasho ni la binadamu wote. Mkono wa kurusha jiwe ni wa binadamu wote. Hakuna nchi, kabila wala ukoo wa duniani utakaoandikiwa namba mezani kwangu, na nitaliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Kipchoge namtaja kuonyesha mwili huu unafika wapi ukipewa mazoezi, si kuonyesha kijiji. Akili, busara, ucheshi na tabia havitaguswa kwa spishi yoyote. Dada amesema atasubiri aone. Sawa.

Rasimu yangu iko hivi. Binadamu anatembea au kukimbia muda mara mbili ya wengine kabla ya kurusha dadu za uchovu, ila mgao wake wa maji nao ni mara mbili, na maji yakipungua chomboni yeye ndiye wa kwanza kudhoofika. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi kipaji hicho kinapungua nusu, kwa sababu jasho lisipokauka halipozi; aliyewahi kubeba mizigo Dar mwezi wa tatu hahitaji maelezo. Chochote kinachotosha mkononi ni silaha ya kurusha. Gizani ni dhaifu, na pua yake haina msaada. Akikutana na kiumbe kisichosema, ana nafasi moja ya kujaribu mkataba kabla risasi hazijaanza.

La mwisho linahusu utoto. Mtoto wetu huchukua miaka mingi kujitegemea, na halelewi na mama peke yake. Wapo bibi, shangazi, majirani. Kwa hiyo kila mhusika binadamu ataanza na majina mawili kwenye karatasi, mmoja aliyemlea na mmoja anayemtegemea, na mwongozaji anaruhusiwa kuwagusa wote wawili. Spishi nyingine haitakuwa na kanuni hiyo.

Kwa mdogo wangu nimekubali sharti moja, maana lina haki ndani yake: binadamu hawatakuwa na dola. Hakuna jeshi kubwa la binadamu, hakuna lugha ya binadamu inayozungumzwa na galaksi nzima. Watakuwa wachache, wageni, wenye kituo kimoja na madeni. Atakayemtaka amchukue akijua anachukua kitu kigeni kama vingine.

Rafiki yangu bado anasema nimemwondolea mgeni mlango wa kuingilia, na sijapata jibu lililomtosha. Tunaanza Jumamosi ijayo, na karatasi bado inafutika. Nawaomba hasa ninyi mnaoendesha meza zisizo na binadamu hata mmoja: mchezaji akifungua mlango wa chombo akauliza humo ndani kunanuka nini, mnamjibu kwa pua ya nani?