Naletewa mtoto wa Rottweiler, nimleeje hapa Dar?

baba_wawili_goba:
Habari zenu wakuu. Nimehamia kwangu Goba, ukuta wa nyuma haujaisha na wezi wa pampu za maji wanatusumbua kwelikweli. Kuna jamaa Mbezi mbwa wake kazaa, Rottweiler, kaniwekea dume moja nitamchukua akifikisha wiki 8. Sasa kila mtu anakuja na lake, jirani anasema nimfungie bandani gizani mchana kutwa asizoee watu na nimtilie pilipili kwenye ugali ndo atakuwa mkali, fundi wangu nae anasema hawa wanageuka wanamng'ata mpaka mwenye nyumba, wife kalisikia hilo basi hataki hata kusikia habari ya mbwa maana tuna mtoto wa miaka minne. Mnaowajua naombeni mnisaidie, asili yao nini, joto la huku wanaliweza, wanakula nini?

mfugaji_tegeta:
Mkuu usimfungie gizani, nakuomba sana. Hiyo pilipili inamuumiza tumbo tu, ukali hauongezeki hata kidogo.

Ukijua hawa mbwa walitoka wapi utaelewa. Jina ni la mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani. Inasemekana mababu zao ni mbwa waliokuja na majeshi ya Warumi wakiswaga ng'ombe wa kitoweo, halafu baadae mji ule ukawa soko kubwa la ng'ombe na wachinjaji wa pale ndo wakawa wanawatumia, hadi leo Wajerumani wanalo jina la mbwa wa wachinjaji wa Rottweil. Walikuwa wanaswaga ng'ombe hadi mnadani, wanavuta mikokoteni ya nyama, na inasimuliwa mchinjaji akishauza anamfungia mbwa mfuko wa hela shingoni, nani ataugusa? Reli ilipoingia karne ya 19 ng'ombe wakaanza kupandishwa treni, mbwa wakakosa kazi, wakapungua mpaka nusura waishe kabisa. Polisi ndo waliowarudisha, 1910 wakatambuliwa rasmi Ujerumani kama mbwa wa polisi, na ADRK, chama cha Wajerumani wanaofuga Rottweiler, kikaundwa 1921.

Sasa angalia kazi zote hizo, sokoni, barabarani, polisi, ni katikati ya watu muda wote! Mbwa anayemrukia kila apitaye asingefika na ng'ombe popote. Huyu anatakiwa awajue watu wengi ndo aweze kutofautisha mgeni na mwizi, ukimlea gizani atakuwa mwoga, na mbwa mwoga wa kilo 50 ndo huyo fundi wako anayemsema. Akishafika kwako hadi wiki ya 14 hivi ndo muda wa dhahabu, azoee watoto, wazee, bodaboda, muuza maji, adhana, mvua kwenye bati, kila kitu.

dokta_mifugo:
Naunga mkono. Ila kwenye kumtembeza uwe makini, mpaka amalize chanjo asikanyage jalalani wala wanapopita mbwa wa mitaani, wewe mbebe mikononi aone watu. Parvo, ugonjwa wa virusi, inawaandama Rottweiler kuliko mbwa wengi, anaharisha damu na siku chache tu anaweza kufa. Chanjo zinaanza wiki ya 6 hadi 8, unarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu. Muombe jamaa kadi ya chanjo kabla hujamchukua.

Joto ndo linanitia wasiwasi zaidi, ni mbwa mweusi mzito na hapa Desemba mpaka Machi mnajua wenyewe. Banda usiezeke bati tupu, weka makuti, lipitishe upepo, maji yasikauke. Mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi au jua likishazama. Ukiona anahema sana, udenda mzito, anayumba, mmwagie maji ya kawaida mpepee na umkimbize kwa daktari.

Chakula, ugali na dagaa peke yake haumtoshi anayekua, ongeza nyama, maini kidogo, mayai, na unga uwe mzuri, ule ulioota ukungu wanaosema "mpe mbwa" una sumukuvu inaua ini. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Asinenepe na usimjazie kalsiamu ya dukani kwa kukisia, hawa wana shida ya nyonga na viwiko na vyote hivyo vinaizidisha. Akiwa mkubwa mlishe mara mbili kwa siku na asikimbizwe akitoka kula, tumbo likivimba na anataka kutapika hatapiki, hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi. Na kupe! Mkague masikioni na katikati ya vidole, akikataa kula na fizi zikapauka, mlete.

mama_kigamboni:
Baba, mwambie wifi yetu asiogope, sisi tunaye jike na wanangu wamekua nae. Habweki hovyo, mgeni akigonga anasimama tu anatazama na hiyo inatosha. Anapenda kukuegemea mguuni na uzito wake wote, kwa hiyo mtoto wa miaka minne anaweza kuangushwa bila ubaya wowote, msiwaache wawili peke yao na mtoto asimguse akiwa anakula. Amri za kukaa na kusubiri mfundishe mapema, tena wifi nae amfundishe, asije akawa anakusikia wewe tu.

baba_wawili_goba:
Asanteni sana, nimemsomea wife yote. Jamaa anauliza amkate mkia kabla sijamchukua?

mfugaji_tegeta:
Kataa. Ujerumani kwenyewe walipiga marufuku tangu 1998 na kiwango cha ADRK kinataka mkia wa asili. Halafu nenda na wife mkamuone mama wa hao watoto, mkikuta ametulia na watu, chukueni. Na ule ukuta wa nyuma malizia kabla hajafika.